Betri ya Simu ya Chama



Zamani chombo kilichoweza kusimamisha ununuzi wa mazao kilikuwa mizani. Mizani ikiharibika, wakulima walikaa kivulini na magunia yao mpaka fundi afike. Siku hizi mizani ipo, magunia yapo, karani yupo, na bado ununuzi husimama kwa sababu simu ya katibu imezimika. Tangu huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008, simu imeingia ofisini mwa chama cha msingi hatua kwa hatua. Kwanza ilipokea bei kutoka Chama Kikuu. Kisha ikawajulisha wanachama siku ya malipo. Kisha ikaanza kulipa. Na katika vyama vingi sasa huandika kilo za mkulima papo hapo penye mizani. Chombo kimoja kimepewa kazi ya karani, ya mtunza hazina na ya tarishi, na kazi zote hizo zimetundikwa juu ya kitu chembamba kuliko kiberiti, yaani betri.

Mizani hukaguliwa na kupigwa muhuri kila mwaka. Ghala lina kufuli. Daftari la mali ya chama huorodhesha meza, viti na hata ndoo. Lakini betri haimo katika daftari lolote, haina mkaguzi, na hakuna mjumbe wa kamati anayeuliza habari zake mpaka siku ile inapokataa kazi huku wanachama wamepanga foleni. Mazungumzo haya yanahusu betri hiyo: namna inavyofanya kazi, namna ya kutambua kama ni yenyewe iliyougua au ni kitu kingine, na wakati ambapo haifai tena kulala ndani ya ghala la mazao.

SI JIWE LA REDIO

Wazee wengi walijifunza habari za betri kutokana na redio na tochi. Mawe ya redio yalipoanza kuchoka, yaliwekwa juani adhuhuri, na jioni redio ilisikika tena kwa kitambo. Huo haukuwa ushirikina. Joto huichochea dawa iliyobaki ndani ya jiwe, nalo likatoa nguvu zake za mwisho. Baadaye zikaja betri za kuchajiwa zilizotengenezwa kwa nikeli na kadimi, ambazo zilikuwa na tabia ya kukumbuka: zikichajiwa mara kwa mara kabla ya kwisha, zilifanya kana kwamba pale zilipokatizwa ndipo mwisho wake. Ndipo watu wakafundishwa kuimaliza betri kabisa kabla ya kuichaji.

Mafunzo yote mawili yalifaa kwa betri zake, na yote mawili huidhuru betri ya simu ya leo. Hii ni betri ya lithiamu. Kampuni ya Sony ya Japani ndiyo iliyoanza kuiuza madukani mwaka 1991, na wataalamu watatu ambao utafiti wao uliiwezesha, yaani John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Goodenough alikuwa na umri wa miaka 97 siku hiyo, jambo linaloweza kuwafariji wajumbe wazee wanaoambiwa kwamba mambo ya simu ni ya vijana.

Ndani ya betri ya lithiamu mna karatasi mbili za madini zilizokunjwa pamoja. Moja imepakwa kaboni, ya pili imepakwa mchanganyiko wa madini wenye lithiamu, na katikati pana utando mwembamba wa plastiki wenye vitundu vidogo mno. Vyote vimelowa katika kimiminika ambacho hushika moto kwa urahisi. Hilo la moto litarudiwa mbele. Simu inapochajiwa, chembe za lithiamu huhamia upande wa kaboni. Simu inapotumika, hurudi zilikotoka. Ni mfano wa wachukuzi wanaohamisha mpunga kutoka ghala moja hadi jingine na kuurudisha. Kila safari punje chache humwagika njiani wala haziokotwi. Hata wachukuzi wawe waaminifu namna gani, baada ya safari mia kadhaa ghala halitajaa tena kama mwanzo.

Watengenezaji wengi wamekuwa wakikadiria kwamba baada ya safari 500 kamili betri ya simu itabakiwa na kiasi cha asilimia 80 ya uwezo wake. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, sheria inadai simu mpya zinazoingia sokoni ziwe na betri zinazofika safari 800 kabla ya kushuka hapo. Safari moja kamili si mara moja ya kuchomeka chaja. Mtu akichaji kutoka nusu hadi kujaa leo, na tena kesho, hizo mbili ni safari moja. Kwa hiyo anayechaji kidogo kidogo mara nyingi hapotezi chochote. Naye anayengoja simu izimike kabisa ndipo aichaji, kwa kufuata fundisho la zamani, huichosha betri bila faida.

JOTO

Kinachoiua betri ya lithiamu kuliko kitu kingine chochote ni joto, na hasa joto likikutana na betri iliyojaa kabisa. Vipimo vinavyotumiwa sana na mafundi huonyesha hivi: betri iliyojaa ikiwekwa tu kwa mwaka mmoja mahali penye digrii 40 za Sentigredi, hubakiwa na takriban asilimia 65 ya uwezo wake. Ikiwekwa mahali pale pale ikiwa na chaji ya asilimia 40 tu, hubakiwa na 85. Katika digrii 25, tarakimu hizo ni 80 na 96. Betri hizo hazikufanyishwa kazi yoyote, ziliwekwa tu.

Katibu wa chama cha korosho Mtwara au Lindi, ambaye msimu wake huangukia Oktoba na Novemba, jua likiwa kali kabla ya mvua, na ofisi yake ikiwa ni chumba cha mabati kisicho na dari, hahitaji kuelezwa digrii 40 ni kitu gani. Simu yake huachwa kwenye chaja usiku mzima, hujaa, kisha hushinda imejaa juu ya meza iliyo karibu na dirisha la jua. Mwenzake wa milimani, katika vyama vya kahawa vya Kilimanjaro au Rungwe, anaweza kuwa na simu ya aina ile ile ikamfaa miaka mitatu au minne, naye wa pwani akailalamikia ya kwake mwaka wa pili. Si kwamba mmoja ni mtunzaji na wa pili ni mzembe. Hali ya hewa nayo ina sehemu yake katika hesabu, na kamati yafaa iliweke jambo hilo akilini kabla ya kumlaumu mtu.

Hata hivyo yako yanayowezekana. Penye mizani simu ikae kivulini, juu ya ubao, si juu ya chuma cha mizani wala juu ya gunia lililopigwa na jua. Isiachwe mbele ya kioo cha lori. Inapochajiwa na kupata moto, mfuko wake wa plastiki au ngozi uvuliwe. Kuiweka chini ya mto au juu ya blanketi wakati wa kuchaji ni kosa kubwa kuliko kuiacha kwenye chaja usiku. Maana simu yenyewe hukata chaji ikijaa, lakini haiwezi kuliondoa joto lililofungiwa. Na simu iliyopata moto isitiwe katika jokofu, kwa kuwa ubaridi wa ghafula huleta umande ndani yake.

Mahali ambapo umeme ni wa jua, liko kosa linaloonekana kila upande: kibao cha jua hutandazwa uani na simu ikalazwa juu yake au pembeni yake ili waya ufike. Kibao ndicho kinachotaka jua. Simu inataka kivuli. Waya mrefu kidogo, na mnene, ndio dawa. Yafaa pia wajumbe wajue hesabu yenyewe kabla ya kununua. Betri iliyoandikwa 5000 mAh hubeba kiasi cha wati-saa 19. Kibao cha wati 10 kikipata jua zuri kwa saa tano hutoa wati-saa 50 kwa hesabu ya karatasi, lakini upotevu wa njiani ni mwingi, hata simu moja na nusu kwa siku yatosha kuwa matarajio ya haki. Chama chenye simu tatu na kibao kimoja cha namna hiyo kitagombana bure.

Kuhusu kiasi cha chaji, desturi njema ni kuiweka betri kati ya asilimia 20 na 80 katika siku za kawaida. Simu nyingi za sasa zina mpangilio wa kukomesha chaji kwenye 80, nao hupatikana katika ukurasa wa betri. Lakini desturi isigeuzwe kuwa sheria. Siku ya malipo simu ijazwe hadi 100 alfajiri, ifanye kazi, na maisha yaendelee. Betri ni mtumishi wa chama, si kinyume chake.

Liko jambo moja la vyama vya ushirika ambalo halisemwi katika vitabu vya simu. Msimu ukiisha, simu ya chama hufungiwa kasha la chuma kwa miezi mitano au sita. Aghalabu hufungiwa ikiwa karibu tupu, kwa kuwa kazi ya mwisho ya msimu ndiyo iliyoimaliza. Betri iliyo tupu huendelea kuvuja polepole hata simu ikiwa imezimwa, na ikishuka kupita kiasi huharibika ndani, wala chaja haitaifufua. Simu inayokwenda likizo yafaa ichajiwe nusu, izimwe, iwekwe mahali pa baridi na pakavu, na kila baada ya miezi mitatu itolewe na kuongezewa mpaka nusu. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na ingefaa iingizwe katika siku ile ile ambayo kamati hukagua ghala.

KABLA YA KUIHUKUMU BETRI

Simu isiyopokea chaji hupelekwa kwa fundi, na fundi asiye mwangalifu husema betri imekufa. Mara nyingi betri haina hatia. Katibu anaweza kufanya uchunguzi wake mwenyewe kabla ya kutoa senti ya chama, naye aanze na vitu vya nje, vilivyo rahisi, ndipo aingie ndani.

Chanzo cha umeme kijaribiwe kwanza kwa kuchomeka kitu kingine. Kisha waya ubadilishwe. Waya wa kuchajia ndio unaokufa kuliko vitu vyote, kwa kuwa hukunjwa shingoni kila siku. Nao waweza kuonekana mzima kwa nje ilhali nyuzi zimekatika ndani. Dalili yake ni chaji inayokuja na kupotea waya unapotikiswa. Nyaya za bei ya chini huwa na nyuzi nyembamba zinazopitisha umeme kidogo, na katibu huona simu ikichajiwa saa nane pasipo kujaa. Baada ya waya, chaja yenyewe. Pembeni mwa chaja pameandikwa volti na ampea inazotoa: iliyoandikwa volti 5 na ampea 1 hutoa wati 5 tu, nayo huhitaji saa nne au tano kuijaza betri kubwa. Watu huogopa kwamba chaja yenye ampea nyingi itaisukumia simu umeme mwingi mno. Sivyo, simu huvuta kiasi inachohitaji. Cha kuogopwa ni chaja bandia isiyotenga vema volti 230 za ukutani na zile 5 za simu, kwani hiyo yaweza kumdhuru mtu mwenyewe, si simu peke yake.

Vitu hivyo vikiwa vizima, macho yageukie tundu la kuchajia. Hapa vyama vya pamba vina habari yao. Simu inayoshinda mfukoni mwa mtu anayepima pamba hukusanya nyuzi ndani ya tundu, siku baada ya siku, na kila mara waya unapochomekwa huzishindilia zaidi, hata hatimaye waya haufiki mwisho. Penye mahindi ni unga, penye kahawa ni maganda makavu. Dawa ni kuizima simu, kuielekeza tundu lake chini penye mwanga mzuri, na kuzichokoa nyuzi taratibu kwa kijiti cha meno cha mti. Pini na sindano zisitumike. Chuma hukwaruza vidole vya shaba vilivyomo na huweza kuviunganisha. Simu iliyonyeshewa nayo isichomekwe mpaka ikauke. Kuizika katika mchele, kama inavyofanywa na wengi, huitia vumbi na wanga. Upepo wa kivulini hufaa zaidi.

Simu iliyozimika kabisa kwa siku nyingi yaweza kukaa kwenye chaja nusu saa bila kuonyesha dalili yoyote ya uhai. Isihukumiwe kabla ya nusu hiyo ya saa kupita.

Malalamiko ya pili ni ya simu inayochaji vizuri lakini chaji haikai. Hapo ukurasa wa betri katika mipangilio ya simu usomwe kama hati ya mashtaka, kwa kuwa huonyesha ni programu ipi iliyokula kiasi gani. Mara nyingi mlaji ni kioo chenye mwanga mkali, au programu ya picha na mazungumzo ambayo haikuwekwa kwa kazi ya chama. Na yuko mlaji mwingine asiyeonekana katika orodha, anayewatesa hasa makatibu wa vijijini: mtandao dhaifu. Simu iliyo karibu na mnara hunong'ona. Iliyo mbali, au nyuma ya kilima, hulazimika kupaza sauti, na pale mtandao unapopotea kabisa huita na kuita bila kuitikiwa. Simu ya namna hiyo huweza kumaliza chaji mfukoni bila mtu kuigusa. Katibu anayejua kwamba ghala lake halina mtandao na aifunge mawasiliano, kwa ile alama ya ndege, mpaka atakapofika mahali penye mnara. Programu nyingi za kuandikia mazao huhifadhi kumbukumbu na kuzituma baadaye. Iliyo ya chama yafaa ijulikane kama ni ya aina hiyo kabla ya msimu kuanza.

Dalili za betri iliyochoka kwa kweli ni nyingine. Asilimia huruka, mathalani kutoka 30 hadi 12 kwa dakika moja. Simu huzimika ikiwa bado yaonyesha 20, hasa inapopiga picha au kupiga simu, kwa kuwa kazi hizo hudai nguvu nyingi kwa mkupuo na betri kongwe haiwezi kuzitoa. Ikichomekwa tena huwaka na kuonyesha chaji ile ile iliyokuwa nayo. Pengine kosa ni la kipimo tu, nalo hujaribiwa kwa kuijaza simu mpaka 100, kuitumia mpaka izimike yenyewe, na kuijaza tena bila kukatiza. Jaribio hilo ni la mara moja, si desturi. Likishindwa, betri imefika mwisho wa safari zake.

KUBADILISHA, NA NANI ALIPE

Kamati nyingi zikiletewa taarifa hiyo huamua kununua simu mpya. Uamuzi huo mara nyingi ni wa haraka mno. Simu ambayo kioo chake ni kizima na programu ya chama bado inakubali kufanya kazi ndani yake haina haja ya kutupwa kwa sababu ya betri, ambayo ni sehemu ndogo ya bei yake.

Ugumu uko katika kuipata betri halali. Simu bandia zilizimwa katika mitandao ya Kenya mwaka 2012, na ya Tanzania mwezi Juni 2016, kwa kuwa kila simu ina namba inayosomwa na mtandao. Betri haina namba ya namna hiyo. Mnunuzi ndiye mkaguzi. Betri nyepesi mno kuliko ile ya zamani, iliyoandikwa uwezo mkubwa kupita kiasi kwa umbo lake, haina haja ya uchunguzi zaidi. Ifaayo ni ile inayouzwa na duka linalotoa stakabadhi na kukubali kuirudisha. Na katibu akae pale pale fundi anapofanya kazi. Laini ya chama itolewe kabla simu haijaguswa, na namba ya siri isitajwe kwa sababu yoyote. Betri haihitaji namba ya siri ili ibadilishwe, na fundi anayeidai anataka kitu kingine.

Swali la nani alipe ni chungu zaidi, nalo halikwepeki. Katika vyama vingi simu si ya chama. Ni ya katibu mwenyewe, aliyeinunua kwa fedha zake, na ambayo msimu mzima hupokea simu za wanachama 200 au 300, hutuma orodha, hupiga picha za stakabadhi, na kuchajiwa mara mbili kwa siku. Safari zile 500, ambazo nyumbani zingemchukua mwaka na nusu, hufanywa kwa muda mfupi zaidi kwa kazi ya ushirika. Mwisho wa msimu katibu hubaki na betri iliyochakaa, naye huona haya kuitaja mkutanoni asije akaonekana mpenda fedha. Hali hiyo si ya haki. Baiskeli ya mjumbe ikitumiwa kwa safari za chama hulipiwa matengenezo. Simu nayo ni baiskeli ya namna yake. Chama kinachoweza kununua simu yake chenyewe kifanye hivyo, maana hata kumbukumbu za wanachama hazifai kukaa katika mfuko wa mtu binafsi. Kisichoweza kiandike katika makisio ya mwaka fungu dogo la uchakavu wa betri ya katibu, lipitishwe na mkutano mkuu waziwazi, na liwe na stakabadhi.

Kadhalika daftari la karatasi lisiondolewe penye mizani. Betri nzima kabisa huweza kwisha saa tisa alasiri, na mkulima aliyekwisha kupima hana budi kuondoka na maandishi.

BETRI ILIYOVIMBA

Yote yaliyotangulia ni habari za hasara. Hili la mwisho ni habari za moto.

Betri inapozeeka, au ikiangushwa, au ikichajiwa kwa chaja mbovu, yaweza kutoa gesi ndani yake na kuvimba. Katika simu ambazo betri hutolewa, ilazwe juu ya meza iliyo sawa na kuzungushwa kwa kidole. Iliyo nzima hukwama, iliyovimba huzunguka kama pia. Katika simu zilizofungwa, mgongo huinuka, au kioo huachana na ukingo wake na mwanga ukaonekana ufani. Wako wanaoufunga mgongo huo kwa mpira au gundi na kuendelea. Wengine huitoboa betri kwa sindano ili gesi itoke. Kutoboa ni kuzigusanisha zile karatasi mbili zilizotengwa na utando, na kilichozilowesha ni kimiminika kinachowaka. Moto wake hutoka kwa nguvu na ghafula. Mwaka 2016 kampuni ya Samsung ililazimika kuzirudisha simu zote za aina ya Galaxy Note 7 na kuacha kuzitengeneza, kwa kuwa betri zake zilikuwa na kasoro na baadhi yake ziliwaka moto zikiwa bado mpya. Ikiwa kiwanda kikubwa namna ile kilishindwa na betri yake, sindano ya fundi wa gulioni haitaiweza.

Simu yenye betri iliyovimba isichajiwe tena hata mara moja, isikandamizwe, na isilale ndani ya ghala. Pamba, magunia matupu, dizeli ya jenereta na mbolea ni majirani wabaya wa betri mbovu, na makatibu wengi huchaji simu zao hasa mahali hapo, juu ya marobota, kwa sababu ndipo soketi ilipo. Soketi yafaa ihamishiwe ofisini, au chini yake iwekwe meza yenye saruji au kigae isiyo na kitu kingine juu yake. Betri iliyovimba iwekwe katika ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu, nje, mbali na ukuta, mpaka itakapochukuliwa.

Ikitokea betri imeshika moto, umeme ukatwe kwanza kwenye swichi, na watu watoke mahali penye moshi, kwa kuwa moshi wake ni sumu. Maji mengi hufaa, maana hupoza betri na kuzuia moto usienee kwenye vitu vya jirani. Mchanga nao huuzuia usisambae. Betri iliyozimika yaweza kuwaka tena baada ya dakika kadhaa, kwa hiyo ikae nje na ilindwe mpaka ipoe kabisa.

Betri zilizokwisha kazi zisitupwe chooni wala katika shimo la taka linalochomwa. Ncha zake zifunikwe kwa utepe wa plastiki ili zisigusane, zikusanywe katika kopo ofisini, na zipelekwe mjini kwa mnunuzi wa vifaa chakavu vya umeme mwenye kibali. Lori linaloleta pembejeo hurudi likiwa tupu, na kopo moja halina uzito. Zile zilizovimba zisafiri peke yake ndani ya ndoo yake ya mchanga, nyuma ya lori, pasipo kuchanganywa na mizigo mingine.